Agizo la mdomo: tulipoambiwa ukurasa wa njaa usifunguke kwenye internet cafe yetu Dodoma

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mnaosoma mmejificha kwenye vikao.

Nimeupitia ule mjadala wa juzi kuhusu serikali kufunga mitandao. Wengine wanasema amani kwanza, wengine wanasema katiba kwanza, halafu katikati watu wakaanza kutukanana ukoo. Nimesoma mpaka comment ya mwisho na sikujua niweke like upande gani.

Mimi si mwanasheria. Ninachoweza ni kusimulia kilichonikuta. Sina picha wala clip, kwa hiyo atakayesema ni chai, yaani nimetunga, aseme tu, simzuii. Ila nilikuwepo, na vidole vilivyoandika yale maneno ni hivi hivi ninavyobonyezea hapa.

Majina nimebadili. Ofisi sitaitaja. Kijiji pia sitakitaja, mjue tu ni upande wa Chamwino.

Niende kwenye mada.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yanauzwa, watumishi wanapunguzwa kazini, na kila aliyepata kiinua mgongo anafungua biashara. Simu za mkononi zilikuwa za wakubwa. Ukitaka kusoma email unaenda cafe, unakaa mbele ya kompyuta ya chogo, unasubiri ukurasa ufunguke kama unasubiri maharage yaive.

Mimi nilikuwa binti, nimemaliza kidato cha sita, nimesoma kozi ya kompyuta ya miezi michache, nasubiri chuo. Tulikuwa tunaishi Ipagala. Baba yangu alikuwa dereva wa serikali, tumehamia Dodoma kwa ajili ya kazi yake nikiwa bado mdogo.

Nikapata kazi ya u-attendant kwenye cafe moja mjini, si mbali na soko la Majengo.

Mwenye cafe tumwite Mama Salma. Mrangi wa Kondoa, mama mpole, kitenge begani na miwani ya kamba. Alikuwa amefanya kazi masijala kwenye ofisi ya serikali maisha yake yote, mpaka panga la kupunguza wafanyakazi likampitia. Kiinua mgongo chake kikawa kompyuta, dishi juu ya bati na meza za kukodi.

Kwa wasiojua, masijala ndiko mafaili yote ya ofisi yanakokaa. Barua ikiingia inapigwa mhuri, inapewa namba, inawekwa kwenye faili. Mama Salma aliishi hivyo. Hata risiti za maji za pale cafe zilikuwa na folder.

Wateja wetu walikuwa wanafunzi, wafanyakazi wa maofisini, na Bunge likikaa tunapata pia watumishi wa Bunge na wageni wao. Wakati wa Bunge tulikuwa hatupumui.

Mteja mmoja alikuwa anakuja Jumamosi tu. Mwalimu wa shule ya msingi huko kijijini. Nitamwita Mwalimu Ndahani. Mgogo, mrefu, shati limepigwa pasi kali hata kama kola imeisha. Alikuwa anakuja na lori la mkaa au baiskeli, anapiga brashi viatu mlangoni ndipo anaingia.

Yeye kompyuta alikuwa haijui. Alikuwa anakaa pembeni yangu, anasema, mimi naandika.

Kulikuwa na ukurasa mmoja wa majadiliano, kama hili jukwaa letu lakini mdogo, ulianzishwa na Watanzania walioko nje. Watu wanajadili siasa, mpira, wanatafutana waliosoma pamoja. Mwalimu aliambiwa habari zake na mdogo wake aliyekuwa anasoma ng'ambo.

Siku ya kwanza alinitajia vitu vya kawaida. Shule yake iko wapi, madarasa yakoje. Halafu akasema, "Sasa andika kwamba huku kuna njaa."

Vidole vikasimama.

Wakuu, ambao hamkukua Dodoma huenda hamtanielewa. Mwaka ule mvua zilikuwa zimegoma. Mtama umekauka ukiwa umefika magotini. Kila mtu alikuwa anajua. Lakini kwenye redio hukuwa unasikia neno njaa. Unasikia "upungufu wa chakula". Wakati mwingine "upungufu wa chakula katika baadhi ya maeneo". Mimi nimekulia nyumba ya mtumishi wa serikali, lile neno nilikuwa naliogopa bila kujua kwa nini.

Nikamuuliza, "Mwalimu, niandike njaa au upungufu wa chakula?"

Akafikiri. Hakukasirika. Akasema, "Juzi mtoto wa darasa la tatu ameanguka mstarini asubuhi. Nilipomuuliza jana yake alikula nini, akasema ubuyu na maji. Na juzi yake? Ubuyu. Baba yake ameenda kuhemea chakula Kilosa, hajarudi. Sasa wewe uliyesoma, hiyo inaitwaje?"

Nikaandika njaa.

Jumamosi iliyofuata akakuta majibu mengi. Wengine walimtukana, wakasema ni mpinzani ametumwa kuchafua nchi. Wengine wakauliza watasaidiaje. Padri mmoja Mtanzania aliyekuwa huko nje akaanza kuchangisha. Mwislamu mmoja wa Kondoa, naye yuko nje, akasema msikiti wao pia utachanga. Wakaomba Mwalimu awaeleze kila wiki hali inaendaje, watoto wangapi wanakuja shule, wangapi wameacha.

Kwa hiyo ukurasa ule ukawa ndio njia. Akija Jumamosi anasema hali, wao wanajibu mahindi yamefikia wapi. Hakukuwa na simu kule kijijini. Hakukuwa na njia nyingine.

Jina lake hakuwahi kuliweka. Alisaini "Mwalimu wa Kijijini".

Sasa hapa ndipo mambo yakaanza kunichanganya, na niseme ukweli mpaka leo sijachanganuka vizuri.

Siku moja asubuhi akaingia bwana mmoja wa makamo, kaunda suti ya kijivu, mkoba mdogo kwapani. Tumwite Bwana Sospeter. Akasalimia vizuri kabisa. Akauliza mwenye cafe yuko wapi. Mama Salma akatoka nyuma akifuta mikono.

Bwana Sospeter akajitambulisha anatoka ofisi fulani. Akasema, "Mama, kuna ukurasa wa mtandao unasomwa hapa." Akatoa kikaratasi mfukoni, akasoma ile anwani herufi kwa herufi, na alikosea sehemu mbili. "Huo usifunguke hapa."

Mama Salma akauliza, "Una nini huo ukurasa?"

"Una mambo ya uchochezi."

"Mambo gani?"

"Hayo mimi siwezi kuingia kwa undani. Ila usifunguke. Na kuna mtu anaandikia hapa, tunataka kumfahamu."

Nikajifanya napangusa keyboard.

Mama Salma akasema, "Sawa baba. Niletee barua."

"Barua ya nini?"

"Ya hilo agizo. Nina folder la barua za serikali, nitaiweka humo. Nimekaa masijala muda mrefu, sijawahi kuona serikali inatoa agizo bila kumbukumbu namba."

Bwana Sospeter akatabasamu. "Hili halihitaji barua, mama. Ni la mdomo."

"Na mtu anayeandika, baba, hapa watu wanaingia na kutoka. Mimi nauza muda, siulizi mtu anaandika nini. Ndiyo biashara yenyewe mliyotuambia tufanye."

Akanitazama mimi. Nikatazama keyboard.

"Nitapita tena," akasema. Akaaga kwa adabu ileile, akaondoka.

Hakutisha. Hakupaza sauti. Hiyo ndiyo ilinichanganya zaidi. Ningekuwa nimeona polisi na pingu ningejua hii ni hatari. Lakini yule alikuwa kama baba mdogo aliyekuja kuuliza njia.

Jioni nikafika nyumbani, nikamkuta baba amekaa sebuleni, redio ameizima. Baba yangu kuzima redio wakati wa taarifa ya habari ni jambo kubwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa hapo. Mnaandika nini huko mjini?"

Sijui alijuaje. Nilimuuliza miaka mingi baadaye, akasema madereva wanasikia kila kitu kwa sababu wakubwa husahau kwamba dereva naye ana masikio.

Nikamweleza. Sikumficha.

Baba akasema, "Mwanangu, unajua ukitangaza njaa kinatokea nini? Wenye mahindi wanayafungia. Wanasubiri bei ipande. Zamani serikali ilikuwa inanunua na kuuza yenyewe, sasa soko huria, huwezi kumlazimisha mtu auze. Neno moja tu likitoka, debe linapanda, na wa kwanza kuumia ni huyo huyo mtoto wa Mwalimu wako."

Sikubisha. Kwa sababu ilikuwa kweli.

Wiki ile ile pale Majengo nilikuwa nimeona maduka ya nafaka yamerudisha magunia ndani. Mama yangu alirudi na mahindi nusu ya kawaida. Je, ni kwa sababu ya ukurasa? Au kwa sababu mvua haikunyesha na kila mtu ana macho? Sijui. Nilijiuliza usiku ule na bado najiuliza.

Baba akamalizia, "Na mimi nakula kwa serikali. Na wewe umesoma kwa serikali. Fikiria."

Kilichokuwa kichwani ni kwamba Jumamosi Mwalimu atakuja, na nitamwambia nini?

Kesho yake nikamweleza Mama Salma aliyosema baba. Nilitegemea atamcheka. Hakucheka. Akasema, "Baba yako ana hoja. Hata mimi nimelala nikiiwaza."

Nikamuuliza, "Sasa tunafunga au hatufungi?"

Akauliza kama najua kufunga. Nikasema najua. Kulikuwa na faili moja dogo ndani ya kompyuta, ukiandika humo anwani ya ukurasa, mashine inadanganyika, inaona kama huo ukurasa haupo duniani. Mteja anapata ukurasa mweupe wenye error, anadhani connection imekata.

Mama Salma akavua miwani. "Anadhani connection imekata?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hatajua kama kuna mtu kamzuia."

"Hawezi kujua."

Akaifuta miwani kwa ncha ya kitenge. Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Hapo sikubali. Serikali ni yangu pia, ikisema nifunge nitafunga. Nimeitumikia. Lakini sitamdanganya mteja wangu kwamba mashine ni mbovu. Funga, halafu tuandike kwamba tumefunga."

Tukafunga. Nikapita mashine moja moja. Halafu akaniambia niprint tangazo kwa herufi kubwa, tukalibandika ukutani juu ya meza ya malipo:

WATEJA WETU WAPENDWA, UKURASA UFUATAO HAUFUNGUKI HAPA KUTOKANA NA AGIZO LA SERIKALI LILILOTOLEWA KWA MDOMO. TUNAOMBA RADHI KWA USUMBUFU. UONGOZI.

Chini yake tukaweka anwani ya ukurasa, safari hii bila kukosea herufi.

Wakuu, sikujua kama huko kulikuwa kupinga. Nilidhani tumetii. Kwa kweli nilijisikia vibaya kwamba tumemsaliti Mwalimu.

Lakini kilichotokea sikukitegemea. Wanafunzi wa kwanza walioingia walisoma lile tangazo, wakaangaliana, wakaomba kalamu. Wakanakili anwani. Wakaondoka kwenda cafe nyingine, bila hata kutuungisha. Mchana wakaja wengine ambao hawakutaka kompyuta kabisa, wamekuja kusoma ukuta. Bunge lilikuwa limekaa wiki ile, wakaja na watu wa suti. Mmoja alisoma, akasoma tena, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Agizo la nani?"

Nikamwambia sijui.

"Kwa sheria gani?"

Nikamwambia sijui.

Akatikisa kichwa, akaandika kitu kwenye diary yake, akaondoka.

Najua kuna mkuu ataniuliza kwa nini tusingeacha tu ukurasa wazi tukanyamaza. Mkuu, leo ni rahisi kusema. Wakati ule cafe ilikuwa ndiyo maisha yote ya yule mama, na mimi baba yangu alikuwa na gari la serikali. Tulikuwa tunaogopa. Tulifanya kile ambacho woga wetu uliruhusu.

Bwana Sospeter akarudi kabla hata Jumamosi haijafika. Safari hii aliingia anatembea haraka, akasimama mbele ya ukuta, akasoma tangazo lote. Nikaona shingo inatoa jasho.

"Hili nani kaliweka?"

"Mimi," akajibu Mama Salma.

"Kwa nini?"

"Mteja analipia muda wake, ukurasa haufunguki. Ana haki ya kujua si kosa la mashine yangu."

"Lakini umeandika ni agizo la serikali."

"Wewe ulikuja kwa niaba ya nani?"

"Serikali."

"Basi nimeandika sawasawa."

Bwana Sospeter akashusha sauti, kama mtu anayemwelewesha mtoto. "Mama, agizo ni la serikali, ndiyo. Lakini si la kutangaza."

"Sheria zote za nchi hii zinatangazwa, baba. Hata bei ya maji inatangazwa. Kwa nini hili lifichwe?"

"Kwa sababu," akaanza. Akafungua mkoba, akaufunga. "Kwa sababu ukilitangaza, watu watataka kuusoma huo ukurasa."

"Na nisipolitangaza?"

"Hawatajua."

"Basi niandikie barua kwamba nisitangaze. Nitaibandika pale pembeni."

Nilidhani atalipuka. Badala yake alivuta kiti, akakaa. Alionekana amechoka. Mama Salma akanituma chai ya rangi kwa mama ntilie wa jirani, nikaleta vikombe.

Akiwa anakunywa, Mama Salma akamuuliza kwa upole, "Baba, wewe umeusoma?"

"Nimesoma nini?"

"Huo ukurasa."

Akasita. "Sijausoma. Ofisini kwetu hatuna mtandao."

Sikujua nicheke au nilie. Mama Salma akanigeukia. "Mwanangu, mfungulie baba asome."

"Mama, tumeshaufunga."

"Basi mfungulie, akimaliza ufunge tena."

Nikakaa kwenye mashine namba moja, nikafuta ile anwani kwenye faili, nikawasha upya. Tukasubiri. Mtu aliyetukataza kufungua ukurasa amekaa na kikombe chake anasubiri tumfungulie ukurasa.

Ukafunguka. Nikamwonyesha jinsi ya kushuka chini kwa mouse. Akasoma taratibu, midomo inacheza. Alisoma habari ya mtoto wa mstarini. Alisoma matusi ya watu wa nje. Alisoma mipango ya mahindi.

Akaniuliza bila kugeuka, "Kijiji gani hiki?"

"Hajakitaja."

"Anasema kisima kiko ng'ambo ya korongo, shule iko juu." Akaiachia mouse. "Nakijua."

Hakusema zaidi. Akasoma mpaka mwisho, chai imepoa. Akasimama, akachukua mkoba wake.

"Toeni hilo tangazo," akasema.

"Na ukurasa?" Mama Salma akauliza.

Akatutazama wote wawili, halafu akatazama mlango. "Mimi nimesema tangazo."

Akaondoka.

Tukabaki tunaangaliana. Nikamuuliza Mama Salma, hii maana yake nini? Ameruhusu? Amekataza? Anatutega?

Mama Salma akabandua tangazo, akalipiga tarehe kwa mkono, akaliweka kwenye folder la barua za serikali. Halafu akasema, "Mimi najua kitu kimoja. Kama hakuna tangazo, hakuna agizo. Na kama hakuna agizo, fungua mashine zote."

Nikafungua.

Jumamosi Mwalimu Ndahani akaja. Tukamweleza kila kitu na kumwambia kama anaogopa aache. Akapangusa viatu vyake, akakaa mahali pake, akasema, "Andika. Wiki hii waliokuja shule wamepungua tena."

Mahindi ya padri na ya msikiti yalifika baada ya muda, lori moja, yakagawanywa shuleni. Na muda si mrefu yakaja malori ya serikali ya chakula cha msaada, kwa hotuba, na kwenye hotuba walisema upungufu.

Je, malori ya serikali yaliletwa na ule ukurasa? Na wale watu wa suti waliosoma ukuta wetu? Au yalikuwa kwenye mpango tangu zamani? Sijui, wakuu. Naweza kuwadanganya hapa mkanipa like nyingi, lakini sijui.

Ninachojua ni kwamba baba yangu alikuwa mmoja wa madereva waliopeleka. Alirudi vumbi tupu, akakaa mlangoni kuvua viatu, akawa hamalizi. Mama akamuuliza vipi huko. Akasema, "Kuna bibi kafagia punje zilizomwagika chini ya lori, akaziosha." Kisha akaniambia mimi, bila kunitazama, "Ulichoandika kilikuwa sahihi. Ila na mimi sikukosea kuhusu wenye maghala." Hatukuizungumza tena.

Mnataka kujua kama tulishinda?

Miezi michache baadaye walikuja watu wa afya kukagua choo. Choo chetu kilikuwa kizuri kuliko cha jirani zetu wote. Wakasema kina kasoro, cafe ikafungwa. Hakuna aliyetaja ukurasa. Huenda kweli walikuwa wanakagua vyoo. Mama Salma alijenga choo kipya, akafungua tena, lakini wateja walikuwa wamezoea kwingine. Mwishowe ikawa duka la photocopy.

Mwalimu Ndahani alipewa uhamisho, akapelekwa upande wa Mpwapwa, mbali na barabara. Uhamisho wa kawaida au wa adhabu? Barua yake, na hiyo ilikuwa na kumbukumbu namba, ilisema "kwa manufaa ya umma". Alipokuja kuaga aliniambia hajui ni umma gani.

Mtoto wa darasa la tatu aliishi. Hilo nalijua kwa uhakika, Mwalimu mwenyewe alinithibitishia.

Miaka mingi ikapita. Nikasoma, nikaolewa, nikarudi Dodoma kikazi. Siku moja nikaenda msiba wa jirani wa wazazi wangu pale Ipagala. Nimekaa chini ya turubai, nikaona mzee mmoja pembeni, kaunda suti. Nywele zimekuwa nyeupe zote lakini nikamjua.

Nikamsogelea. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni binti wa kompyuta."

Tukaongea habari za marehemu, habari za mvua. Alikuwa amestaafu. Nikaona nikimwacha leo sitampata tena. Nikamuuliza, "Mzee, lile agizo lilitoka kwa nani?"

Hakujifanya amesahau. Akasema, "Mkuu wangu wa kazi aliniita, akaniambia kuna ukurasa, kaushughulikie. Nikaja kwenu."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

"Nami nilitaka kujua. Nilipostaafu, yeye naye kashastaafu, tukakutana kwenye harusi nikamuuliza. Akasema alikuwa kwenye kikao, mkubwa mmoja akauliza, 'Hivi huo ukurasa unasomwa na huku kwetu?' Basi. Akauliza, wakaendelea na ajenda."

"Kwa hiyo huyo mkubwa hakuagiza ufungwe?"

"Aliuliza."

"Na mkuu wako akaelewa ni agizo."

"Mkubwa akiuliza kitu mbele za watu, binti yangu, wewe unakaa unasubiri aulize mara ya pili?"

Watu wa kwaya walikuwa wanaanza kuimba upande wa pili.

Bwana Sospeter akatikisa kichwa taratibu. "Nimeliwaza sana," akasema. "Labda na yeye alitaka kuusoma."

Wakuu, nimekaa na jibu hilo muda mrefu. Cafe ikafa, mwalimu akahamishwa, baba yangu akaishi na wasiwasi, watoto nusura wakatiwe njia yao ya chakula, na huenda hakukuwa na mtu hata mmoja aliyesema "fungeni".

Kwa hiyo nikirudi kwenye mjadala wa juzi, msimamo wangu ni huu, na uko wazi kidogo kuliko mawazo yangu mengine. Sisemi serikali isiwe na kauli yoyote kwenye mtandao. Hoja ya baba yangu kuhusu maghala bado sijaipatia jibu. Lakini kwenye nchi tunayopiga kura, mtu akitaka kunizuia kusoma kitu, atokee kwa jina lake, aseme sheria gani, aseme mpaka lini, na aniambie nikalalamike wapi. Asininyang'anye ukurasa halafu aniache nidhani connection imekata. Hiyo ya kukatiwa kimyakimya ndiyo ninayoipinga, na nitaipinga hata chama ninachokipenda kikiwa ndicho kinachokata.

Ukurasa ukikataa kufunguka siku hizi, na kijana wangu akarusha mikono akasema mtandao mbovu, huwa namwambia asiamini haraka, aulize kwanza.

Nakaribisha maoni, hata ya kunipinga, mradi tusifike kwenye matusi ya ukoo kama juzi.

Na ninyi mliokaa maofisini, nisaidieni kitu kimoja maana mimi nimeshindwa: mkubwa akiuliza swali, huwa mnajuaje kwamba ni swali?